Viboko Vitano kwa Binti Theluji

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limefungia mahamri, huna hatia. Nitakukumbusha upesi, kwa sababu Mzee Jatani yuko mlangoni na fimbo yake, na mimi niko chini ya meza.

Mimi ni Zadock, fundi wa simu hapa Garsen. Natengeneza chaji, nabadilisha vioo, na muda unaobaki mimi ni hakimu. Vijana wa huku wamependa katuni za Kijapani, hasa ile ya Haruzo, mpiga upanga wa nchi ya theluji. Katuni ikiisha, wao hawakubali iishe. Wanamtungia Haruzo visa vyao wenyewe, wanavituma kwenye kundi letu la WhatsApp, nami nasoma na kutoa alama.

Alama zangu si nyota. Nyota tunazo za kutosha. Mimi natoa viboko, wale wa mtoni. Kiboko mmoja maana yake hadithi inaelea, imekufa. Watatu, inakula majani vizuri lakini haimtishi mtu. Watano, imepindua mtumbwi, na wewe msomaji uko majini unatafuta kiatu. Ipo pia pua. Hiyo ni hadithi ambayo haikufika hata kiboko, imetoa pua tu juu ya maji ikarudi chini.

Basi jana usiku nilisoma sura ya saba ya mtunzi anayejiita Binti Theluji. Nikasisimka mwili. Sijawahi kutoa watano. Nikatoa. Nikaandika hukumu, nikabonyeza, nikaweka simu chini kwa raha ya mtu aliyetenda haki.

Kumbe nimeituma kwenye kundi la Kamati ya Malka.

Usiyejua malka, ni njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba kwenda kunywa mtoni. Wafugaji wanaitaka wazi, wakulima wanayataka mahindi yao, na kamati imewekwa ili watu wasishikane mashati. Wazee wote wamo, wafugaji wa Kiorma na wakulima wa Kipokomo. Mimi nimo kwa sababu ndimi ninayewachapia maandishi yao.

Na nilichowatumia wazee hao ni hiki:

"HUKUMU. Binti Theluji apewe viboko vitano, bila huruma, mbele ya watu wote. Vitatu kwa alivyomtenda Gonzuke, viwili kwa vile alivyoingia mtoni. Nimemaliza. Hakimu Zadock."

Sasa, Binti Theluji hakuna asiyemjua Garsen. Jina hilo limeandikwa kwa rangi ya buluu kwenye dumu la maziwa la Sabdio, binti wa Mzee Jatani. Watu hudhani ni jina la maziwa.

Ndiyo maana niko chini ya meza.

"Zadock," akasema Mzee Jatani. "Naona mguu yako."

Nikatoka, nikapangusa magoti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kama mgeni katika duka langu mwenyewe. Naye akavuta kiti cha wateja, akalaza fimbo juu ya mapaja.

"Mimi nimekuja kuona mkono," akasema.

"Mkono gani, mzee?"

"Hiyo ya kupiga."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua kwato za ndama. Akabonyeza kiganja. Akatikisa kichwa.

"Laini. Hii itachoka kiboko ya pili."

"Mzee, mimi sikuwa na maana ya..."

"Sabdio nimezaa mimi. Sijampiga hata na jani. Wewe, fundi wa chaji, unampiga tano, mbele ya watu wote. Sina hasira. Nauliza tu. Kosa yake nini?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye hasira unaweza kumtuliza. Mtu asiye na hasira, na ana fimbo, huyo ameshamaliza kupanga.

"Hana kosa hata moja! Ameandika vizuri sana. Viboko ni sifa!"

"Kwenu kupiga ni sifa?"

"Si kupiga, mzee. Kiboko yule mnyama. Namaanisha nimempa wanyama watano."

Mzee Jatani akauachia mkono wangu. Akanitazama upya, kuanzia viatu kwenda juu.

"Kwetu," akasema polepole, "tunapokea ng'ombe."

"Mzee, sitaki kuoa!"

"Kwa hiyo binti yangu ana ubaya gani?"

Kabla sijalijibu hilo, gari lilisimama nje na mwanamke akaingia na kofia ya kijani, kamba begani, na bunduki ndefu ya kupigia wanyama dawa ya usingizi. Alikuwa Bi Metrine, afisa wa wanyamapori. Amehamishiwa kwetu juzi tu kutoka Magharibi.

"Ni wewe Zadock? Ni wewe umeripoti viboko?"

"La, madam."

"Nimeona hapa kwa kamati." Akainua simu yake. "Viboko vitano. Vitatu wako Gonzuke, viwili wameingia mtoni. Hao wa mtoni sina neno nao, wako nyumbani kwao. Nipeleke Gonzuke."

"Gonzuke si mahali, madam."

"Hata kwa ramani yangu haiko. Ndiyo nimekuja uniongoze."

"Gonzuke ni mtu."

Uso wake ukabadilika. "Vitatu kwa mtu mmoja? Na yuko hai?"

"Hayuko hai wala hajafa. Ni mtu wa katuni."

Bi Metrine akamgeukia Mzee Jatani kwa sauti ya hospitali. "Huyu kijana ameanza lini?"

"Leo," akasema Mzee Jatani. "Mimi pia nauliza."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni naibu chifu, Bwana Suleiman, mtu wa Kipini. Kwake Kiswahili ni maziwa ya mama, na sisi wengine hutusikiliza kama mtu anayesikiliza gari lake likigonga mawe.

"Mwanangu," akasema, "ngeli imekuponza."

"Ngeli, bwana chifu?"

"Mnyama ni viboko watano. Vitano ni vya kuchapa. Ungeandika watano, saa hizi wanywa chai yako. Sasa njoo barazani. Wazee wamekaa, na baba yako ameshaanza kukukana."

Tukaenda kwa gari la Bi Metrine. Mzee Jatani alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na kamba.

Baraza lilikuwa chini ya turubai mbele ya ofisi ya naibu chifu. Viti vya plastiki vilipangwa pande mbili, wakulima huku, wafugaji kule, na katikati nafasi ya kutosha mtu kurusha kiti.

Msomaji, siku hiyo haikuwa siku ya mchezo. Msimu uliopita, ng'ombe waliingia shamba la baba yangu wakala mahindi yote. Baba akaziba malka kwa miiba ya mathenge, ukuta mrefu kuliko mtu. Tangu hapo ng'ombe wa kina Mzee Jatani wanazunguka nusu siku kutafuta maji, na ndama wengine hawafiki. Kamati ilikuwa imembembeleza baba kwa wiki nyingi, na siku hiyo ndiyo alitarajiwa kukubali. Badala yake wazee wakaamkia hukumu yangu. Vijana wa wafugaji wakasema kama binti yao atachapwa, basi mazungumzo hakuna tena. Watapitisha ng'ombe juu ya miiba na juu ya mwenye miiba.

Mwenye miiba alikuwa ameketi mstari wa mbele. Mzee George, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa wakulima, mzazi wangu.

"Huyu kijana," akawatangazia watu aliponiona, "amefuata kwa mama yake."

Mama yangu, Gladys, alikuwa mstari wa nyuma na wanawake wenzake. Kwa kawaida maneno kama hayo hayapiti bila jibu. Siku hiyo alikuwa anakunja ncha ya leso yake na kuikunjua.

Bwana Suleiman akasimama. "Kijana asema ni sifa, si adhabu. Mimi nasema ushahidi ni hadithi yenyewe. Isomwe. Ikiwa nzuri, ni sifa. Ikiwa mbaya, tutajua alikusudia kuchapa."

Watu wakakubali. Hata mimi niliona ni haki, mpaka nilipomwona Sabdio.

Alikuja na dumu lake, akaligeuza, akalikalia. Alipokuwa akipita karibu nami alinong'ona, "Judge, umeniweka kwa shida mbaya. Lakini asante kwa zile tano."

Kisha akamuuliza naibu chifu, "Ni lazima iwe sura ya saba? Ile ya tatu ni tamu zaidi."

"Ya saba ndiyo yenye kesi."

Sabdio akatazama nyuma, upande wa wanawake. Akafungua simu, akasoma.

"Haruzo akafika ukingoni jua likichoma theluji. Nyuma yake farasi wake walikuwa wamenyamaza, maana farasi mwenye kiu sana hapigi kelele. Mto aliusikia. Hakuuona. Kati yake na maji palikuwa na ukuta wa miiba."

"Simama," akasema Mzee Jatani. Akainama mbele. "Hiyo ya kunyamaza ni kweli. Mnyama akiwa na kiu kidogo, analia. Kiu kubwa, ananyamaza. Wewe nani alikufundisha?"

Sabdio akatazama tena nyuma. Baba yangu naye akainua mkono.

"Kabla ya kuendelea. Theluji ni nini hasa?"

"Ni kama ile barafu ya friji, mzee," akasema Bi Metrine, ambaye alikuwa ameshavuta kiti. "Lakini inaanguka kutoka juu."

"Na inaota miiba?"

"Kwa hadithi, inaota."

"Endelea, binti."

Sabdio akasoma jinsi Haruzo alivyoshuka, akaingiza mkono kwenye miiba mpaka ukatoka damu, akashindwa. Farasi mdogo kuliko wote akapiga magoti na hakuinuka tena. Haruzo akayavua mavazi yake ya vita kipande kwa kipande, akapenya kwa tumbo chini ya miiba, akaingia mtoni mikono mitupu, akarudi na maji ndani ya kofia yake ya chuma. Yalitosha farasi mmoja. Farasi walikuwa wengi.

Mzee mmoja wa Kiorma alifuta jicho kwa ncha ya kikoi akasingizia vumbi.

"Ni nani huyo aliyeweka miiba?" baba akauliza.

"Ni Bwana Gonzuke."

"Mshenzi huyo!" Baba akapiga paja. "Maji ni ya Mungu! Mtu anayemzuilia kiumbe maji, huyo hata kanisani asikae mbele!"

Watu wakatazamana. Bwana Suleiman akainua kalamu taratibu.

"Mzee George, hilo la maji ni ya Mungu, niliandike?"

"Liandike! Na huyo Gonzuke ndiye wa kuchapwa hivyo vitano! Endelea, binti, tumjue vizuri."

Sabdio akasogeza simu karibu na uso. Akaendelea, sauti imeshuka.

"Bwana Gonzuke akatoka nyumbani mwake. Alikuwa amevaa kofia ya sufi ingawa jua lilikuwa kali. Akakohoa mara mbili, kama afanyavyo kila anapotaka kusema jambo asilo na hakika nalo. Kisha akasema: Kwa mujibu wa ramani ya marehemu babu yangu..."

Vichwa vyote vikamgeukia baba.

Kofia ya sufi ya baba yangu ni ya rangi ya zambarau. Anaivaa Januari. Anaivaa akivuna. Na hayo maneno ya ramani ya marehemu babu yake, mimi mwenyewe nimeyachapa katika kila kikao cha kamati mpaka simu yangu ikifika "kwa mujibu" inamalizia yenyewe.

Naapa, niliposoma sura ile dukani sikumwona baba. Nilimwona Gonzuke. Ndivyo hadithi nzuri inavyompumbaza hakimu.

"Mbona mnanitazama mimi?" akauliza baba, akakohoa mara mbili.

Kuna mtu upande wa wafugaji alianguka na kiti chake. Mwingine akajifunika uso kwa kilemba, mabega yanatikisika. Baba akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha mkono wake ukapanda polepole kichwani. Akaivua ile kofia. Akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Zadock."

"Naam, baba."

"Hii umeipa ngapi?"

"Watano, baba."

"Kati ya?"

"Kati ya watano."

Akatikisa kichwa. Sijawahi kumwona mtu akitikisa kichwa kwa muda mrefu namna ile. Kisha akamgeukia Sabdio, na hakufoka. Ningependa angefoka.

"Binti. Nimekukosea nini? Maziwa yako tunayanywa kila asubuhi."

Mkulima mmoja akaruka juu. "Ametukana mzee wetu!" Upande wa pili nao wakainuka, viti vikalia. Mzee Jatani akaenda akasimama mbele ya binti yake, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Bi Metrine akainuka na ile bunduki yake ndefu, akajikuta katikati, akasema kwa haraka, "Hii ni ya wanyama tu, tafadhali. Tafadhali."

"Si mimi!" Sabdio akapiga kelele. "Sura ya saba si yangu! Binti Theluji tuko wawili!"

Kila mtu akasimama alivyo.

"Wa pili ni nani?" akauliza Bwana Suleiman.

Sabdio akafunga mdomo. Yule ni binti wa watu. Angekubali kuchapwa hivyo vitano kuliko kusema.

Nyuma kabisa, kiti kikasogezwa.

"Mkalisheni mtoto wa watu chini," akasema mama yangu. "Sura ya saba nimeandika mimi."

Msomaji, huyu ni kiongozi wa kwaya ya akina mama. Huyu ni mwanamke ambaye nikiandika ujumbe bila salamu hunirudishia niandike upya.

"Mama! Wewe Haruzo umemjulia wapi?"

"Ile kadi ya nyimbo za kwaya uliyoniwekea kwa simu," akasema. "Nyimbo zilikuwa mbili. Zilizobaki zilikuwa mapanga na theluji. Nikasema nitaangalia kidogo tu."

"Kisha?"

"Kisha Sabdio akaleta maziwa akanikuta nalia, kwa sababu Haruzo ameachwa na mwalimu wake. Akaniambia, mama, kuna mahali unaweza kuandika asiachwe. Tangu hapo tunaandika pamoja. Yeye anapiga vita vizuri. Mimi naweka maneno."

Mzee Jatani akateremsha fimbo. Swali lake halikuwa la hasira.

"Mama Zadock. Hiyo ya mnyama kunyamaza. Ulijua wapi?"

"Walikuwa wanapita nyuma ya jiko langu, mzee. Wakati ule nilikuwa nawasikia wakija kabla sijawaona. Mwaka huu niliwaona wamesimama kwenye miiba, na sikusikia kitu."

Mzee Jatani akainamisha kichwa. Baba naye akamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza analetwa nyumbani.

"Gladys, si ungeniambia?"

"Nilikuambia tukipanda. Nikakuambia tukipalilia. Ulisema ningoje taarifa ya habari iishe."

"Kwa hiyo ukanipeleka Japani?"

"Huko angalau umenisikiliza."

Watu walicheka, wa pande zote mbili, na mimi nilianza kudhani tumeokoka. Lakini baba hakucheka. Alikuwa ameikamua ile kofia mkononi kama nguo iliyofuliwa.

"Na mahindi yangu?" akasema.

Vicheko vikakatika.

"Katika hadithi yenu hamna mahindi. Farasi wana kiu, sawa, hata mimi mwenyewe karibu nilie. Lakini hao farasi walipita shamba la Gonzuke wakala mahindi yote, wakaangusha mabua. Akaenda kwa kila mzee. Kila mzee akamwambia pole. Pole haipikwi. Ndipo akaweka miiba. Hiyo mbona haikuandikwa?"

Mama akaikunja tena ncha ya leso. Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Jatani, na ng'ombe wale walikuwa wake.

"Ni kweli," akasema. "Hiyo haikuandikwa."

"Basi nitaiandika mimi!" Baba akavaa kofia yake, akaivuta mpaka masikioni. "Sura ya nane. Kila mshtakiwa ana haki ya kujibu. Bwana chifu, ni sheria au si sheria?"

Bwana Suleiman alifikiri. Huyu ni mtu aliyesuluhisha kesi za mitumbwi, za mipaka, za mbuzi waliokula mtihani wa shule. Nilimwona akitafuta kesi ya mfano wa hii na kuikosa.

"Ni sheria," akasema.

"Na masharti yangu ni haya. Sura yangu ikishindwa na ya mke wangu, naondoa miiba kwa mikono yangu mwenyewe, sitaki msaada. Ikishinda, miiba inakaa hapo hapo mpaka mahindi yangu yazungumzwe na kila mtu aliyeniambia pole."

"Na nani atahukumu?" akauliza Mzee Jatani.

Nilianza kurudi nyuma. Nikagonga dumu la maziwa.

"Si tuna hakimu?" akasema baba. "Aliyempa mama yake watano bila kumjua. Huyo ni mtu wa haki."

"Baba, mimi ni fundi wa chaji."

"Jana ulikuwa Hakimu Zadock. Kwa herufi kubwa."

Wakapiga kura kwa mikono. Wakulima wakanichagua kwa sababu mimi ni mtoto wa baba yangu. Wafugaji wakanichagua kwa sababu mimi ni mtoto wa mama yangu. Sijawahi kushinda kitu kwa kura nyingi namna ile, wala kutamani sana kushindwa.

Mzee Jatani akaja akaushika tena mkono wangu, ule laini.

"Mimi nitangoja," akasema. "Lakini Zadock, ndama zangu hazijui kusoma. Ukipendelea, mimi nitajua. Ukisema kweli, hata ikiniumiza, mimi nitakubali."

Mama alinipita akiwa anafunga leso kiunoni. "Hukumu unavyoona," akasema kwa upole. "Ukimpendelea baba yako, jiko unalijua lilipo."

Bi Metrine aliuliza kama anaweza kuingizwa kwenye kundi.

Nilipofika nyumbani jioni, baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, miwani puani, anachapa kwa kidole kimoja. Hakunisemesha habari ya baraza. Aliuliza tu alama ya kuuliza iko wapi, na farasi wa Japani wanakula nini. Mara nyingine alitazama upande wa shamba, midomo inacheza, kisha kidole kikarudi kazini. Jikoni mama alikuwa anatwanga kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji.

Mimi nilikuwa na mpango. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Baba yangu hajawahi kuandika kitu ila barua ya kumkaripia mwalimu wangu. Ataandika vibaya. Nitampa pua. Miiba itaondoka, ndama watakunywa, nami nitakula.

Simu ikalia mfukoni. Sura ya nane.

Ilianza hivi: "Bwana Gonzuke hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba lililoliwa na farasi, na kijana mmoja mpumbavu."

Nikacheka. Nikaendelea kusoma nikiwa bado nacheka.

Nikafika pale Gonzuke anapotembea peke yake katika mabua, anainua kila bua lililoanguka, analisimamisha kwa udongo, nalo linaanguka tena, na anajua litaanguka, na anainua la pili. Nikaacha kucheka. Nikafika pale anapokata mwiba wa kwanza, na jinsi anavyojikata, na jinsi anavyotamani mtu apite amuulize anafanya nini, na hakuna anayepita. Nikakaa chini mchangani bila kuangalia nilipokaa.

Nikasoma mpaka mwisho. Nikarudi juu, nikasoma tena nikitafuta kosa, hata la ngeli.

Hakukuwa na kosa. Ilikuwa nzuri kuliko ya mama.

Nilipoinua kichwa, Mzee Jatani alikuwa amesimama kwenye ua na Sabdio kando yake, wamekuja kusikia. Baba alivua miwani. Alinitazama usoni, si kama mwenyekiti, wala kama mzee wa kanisa. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinitazama hivyo.

"Sema tu kweli, mwanangu," akasema.

Na kule jikoni, mchi ukanyamaza.